Umbo la mtaa na sauti zake: tupeane uzoefu, kila mtu aeleze anachosikia dirishani kwake

Sikio_la_Mtaa (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salaam. Jambo hili nimekaa nalo muda, leo nimeona nililete hapa kwa sababu najua wengi wenu mmehamahama nyumba kama mimi.

Miaka minne iliyopita nilihama. Sikwenda mbali, kwa miguu ni dakika kumi tu kutoka kule hadi huku. Kule nilipanga ghorofa ya pili, dirisha linatazama barabara pana ya njia nne, na ng'ambo yake limesimama jengo refu la vioo. Huku nyumba zimezunguka ua, na dirisha langu linatazama uani. Mji ni uleule na magari ni yaleyale, lakini usiku wa kwanza sikulala, na haikuwa kwa sababu ya kelele. Nilimsikia jirani wa upande wa pili akifunga bomba. Baadaye mtoto akakohoa, kitanda kikalia, kandambili zikapita sakafuni taratibu, swichi ya taa ikabofywa. Nikakaa kitandani nazisikiliza zile kandambili zikienda na kurudi mpaka mtoto alipotulia. Kule nilikotoka niliishi miaka sita na sikuwahi kusikia hatua za binadamu mwenzangu. Hadi leo sijui kama juu yangu alikuwa anakaa mtu mmoja au familia.

Tangu hapo nimekuwa msikilizaji wa mitaa, na kuna jambo nimelishika: anayeamua barabara iwe pana kiasi gani, ukuta usimame wapi na mlango utazame upande upi, ndiye anayeamua tuamshwe na nini na tusimsikie nani. Mara nyingi anaamua bila kujua, kwa sababu mchoro wa mji unakaguliwa kwa macho tu. Hakuna anayeusikiliza kabla haujajengwa.

Wapo waliolichukulia jambo hili kwa uzito kabla yetu. R. Murray Schafer, mtunzi wa muziki wa Kanada, aliwakusanya wenzake katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, wakaanza kuurekodi mji wa Vancouver mtaa kwa mtaa, na rekodi zao zikatoka mwaka 1973. Aligawa sauti za mahali katika mafungu matatu. Kuna ile ya chini isiyokoma, ambayo umeizoea hata huisikii tena. Kuna inayokuita uitikie, kama honi au king'ora. Na kuna inayoutambulisha mji, ambayo mwenyeji akiikosa anajua yuko ugenini. Mimi ninayoitaka zaidi ni ile ya kwanza. Sauti ya chini ya mtaa wako ni ipi, na ni kitu gani katika mpangilio wa mtaa kinachoileta? Majina ya miji si lazima. Elezeni umbo tu: barabara, ukuta, kona, ua.

Mpima_Barabara

Mkuu, umegusa kazi yangu. Nimepima barabara miaka kumi na moja, na mitatu kati ya hiyo nilikuwa natembea na kipima sauti.

Siku moja tulipima barabara ileile sehemu mbili, hatua kama mia tatu kati yake. Sehemu ya kwanza upande mmoja ulikuwa uwanja wazi. Ya pili ilikuwa na majengo marefu pande zote, yamebanana bega kwa bega. Namba ilipanda, hilo tulilitarajia. Lililonishangaza ni jinsi sauti ilivyogoma kuondoka. Pikipiki imeshapita, imeshakata kona, mtaa bado unaguruma. Sauti inagonga ukuta wa kushoto, inatupwa kulia, inarudishwa tena, kwa sababu zege na vioo haviimezi. Njia pekee ya kutokea ni juu, angani, na kadiri majengo yanavyokuwa marefu na barabara nyembamba, ndivyo mlango huo wa juu unavyobana.

Kuna mambo mawili ambayo wananchi wakiyajua wataelewa mengi. Kwanza, ukisimama karibu na jenereta moja kisha ukajisogeza mara mbili ya umbali, sauti inashuka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Barabara yenye magari mfululizo haiko hivyo. Ile ni mstari, si nukta. Ukirudi nyuma mara mbili unapata nafuu ya desibeli 3 tu. Ndiyo maana nyumba ya mstari wa tatu kutoka barabara kuu bado inalalamika, na mwenye nyumba haelewi, maana barabara haioni. Pili, ukipunguza magari nusu kwa nusu, nayo ni desibeli 3, na sikio la kawaida linaitambua kwa shida. Kinachosaidia haraka ni mwendo. Gari dogo likishafika kilomita 40 au 50 kwa saa, unachosikia zaidi ni tairi na lami, wala si injini. Punguza mwendo, mtaa unabadilika siku hiyohiyo.

Lingine dogo. Ukiwa nyuma ya majengo, barabara inakufikia kama mvumo mzito usio na maneno. Sauti nene, tuseme ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 3, hivyo linakunja kona na kupanda paa bila taabu. Sauti nyembamba za hezi 4,000 zina wimbi la chini ya sentimita 9, zinakatwa na ukuta. Kwa hiyo jengo lililosimama katikati linachuja: linazuia milio myembamba, linaachia ngurumo.

Fimbo_Nyeupe

Nimeusoma uzi huu kwa programu inayonisomea skrini, nikaona lazima nichangie. Sioni tangu nikiwa na miaka tisa. Kwangu umbo la mtaa *ni* sauti, sina umbo lingine.

Nitawachukua kidogo katika njia yangu ya kwenda kazini. Natoka getini, mkono wa kulia kuna ukuta mrefu. Nikitembea karibu nao, hatua zangu zinanirudia sikioni zikiwa kavu, za karibu, kama mtu anayetembea nami. Nikifika penye uchochoro, zile hatua upande wa kulia zinatoweka ghafla. Sikio linapoa. Hata kabla upepo wa uchochoro haujanigusa shavuni, nimeshajua kuna nafasi. Nahesabu nafasi tatu hivyo. Baada ya ya tatu kuna nguzo, na nguzo nayo ina kivuli chake cha sauti, chembamba, unakisikia kama mtu aliyepitisha kiganja mbele ya sikio. Gari likiegeshwa juu ya njia ya miguu nalisikia kabla fimbo haijaligonga, mara nyingi lakini si mara zote, na goti langu lina kumbukumbu za hizo nyingine.

Mtu akiniuliza mtaa mzuri ni upi, nitasema ni mtaa wenye kuta za karibu na nafasi zinazojulikana. Kinachoniogopesha ni uwanja mpana uliosakafiwa sawasawa. Wabunifu wanaupenda, wanasema unapendeza. Mimi nikiingia pale ni kama nimetupwa baharini. Hakuna kinachorudi. Sauti za watu zinatoka kila upande na hakuna ukuta wa kunieleza niko wapi. Wakiondoa na ukingo wa njia ya miguu ili barabara na watembea kwa miguu viwe usawa mmoja, basi tena, nabaki kumwomba mtu mkono.

Na kuhusu makutano. Penye taa za kuongozea magari mimi huvuka kwa kusikiliza. Magari yanayokatisha mbele yangu yanasimama, yanabaki yananguruma papo hapo, halafu yale yanayokwenda sambamba nami yanaanza kuondoka kwa pamoja. Mwondoko huo ndio ruhusa yangu, nao pia ndio unaoninyoosha: nikiuweka begani sipindi. Walipong'oa taa wakaweka kipilefti, magari yakawa hayasimami tena, yanazunguka tu. Kwa madereva ni nafuu, nakubali. Kwangu ule mpasuko wa ukimya uliokuwa unaniambia "sasa" umekwisha. Siku hizi nazunguka mtaa mzima wa pili ili nivuke kwingine. Dakika kumi na tano kila asubuhi.

Magari ya umeme yanakuja, na yakienda polepole hayasikiki. Umoja wa Ulaya umelazimisha aina mpya za magari hayo, kuanzia Julai 2019, yawe na kifaa cha kutoa sauti yakiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Natamani kila nchi ifanye hivyo kabla hayajajaa barabarani, si baada.

Sikio_la_Mtaa

Fimbo_Nyeupe, nimesoma mara mbili. Nilidhani nimefungua uzi kuhusu kelele. Hilo la kipilefti sikuwahi kulifikiria hata siku moja, na ninapita kimoja kila siku. Ulipeleka malalamiko mahali?

Fimbo_Nyeupe

Nilipeleka. Wahusika walinisikiliza vizuri, wakanionyesha mchoro.

Ghorofa_ya_Tisa

Mimi fupi tu. Nilihamia juu nikiamini nikipanda nitaiacha barabara chini. Kumbe ghorofa ya pili nilikuwa nasikia barabara moja, ya mbele yangu. Huku juu hakuna kinachonikinga, nasikia barabara zote za mji kwa mpigo, zimechanganyika hadi huwezi kutaja hata moja. Ni kama bahari isiyo na mawimbi. Honi za karibu kweli zimepungua. Lakini hakuna saa ambayo mvumo ule unakata.

Zamu_ya_Usiku

Ninalinda usiku mwaka wa saba huu. Nawaambia kitu ambacho wengi mnalala hamkijui: mji unasogea usiku. Reli iko mbali na lindo langu, mchana hujui hata kama ipo. Ikifika saa tisa usiku, hali ya hewa ikiwa tulivu na anga jeupe, treni inapita kama iko nyuma ya ukuta. Nasikia magurudumu yanavyogonga maungio ya reli, moja moja.

Zamani nilidhani ni kwa sababu tu magari yamepungua. Hiyo ni sehemu. Sehemu nyingine nilielezwa na mtu wa hali ya hewa: mchana ardhi ina joto, hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, na sauti inapindwa kwenda juu, inakupita kichwani. Usiku ardhi inapoa, hewa ya baridi inalala chini na ya joto inakaa juu yake, basi sauti iliyokuwa ikipaa inapindwa kurudishwa chini. Kwa hiyo anayepanga mji akisema nyumba hizi ziko mbali na reli, aseme mbali saa ngapi.

Hili la saa lina historia. Roma ya kale, sheria ya zama za Julius Caesar ilikataza mikokoteni mingi kuingia mjini mchana, kwa sababu vichochoro vilikuwa vyembamba na watu wamejaa. Mizigo ikahamia usiku. Mshairi Juvenal aliandika akilalamika kwamba mjini mle hulali usipokuwa tajiri. Magurudumu juu ya mawe, kuta zimebanana, na wenye mikokoteni wakitukanana kwenye kona. Namwelewa kabisa. Hapa kwangu malori ya mizigo nayo yana ruhusa ya usiku tu.

Mwalimu_wa_La_Nne

Naomba niongee kama mwalimu. Shule yetu ilikuwepo kwanza, daraja la juu la magari lilikuja baadaye, likapita usawa wa madirisha ya ghorofa ya kwanza. Darasa langu liko upande huo. Nimejizoeza kukata sentensi. Lori likianza kupanda daraja, nanyamaza, nainua chaki, watoto nao wananyamaza wananitazama, likishuka naendelea nilipoishia. Jambo linaloniuma ni kwamba watoto wameanza kufanya vilevile wakiwa nyumbani. Mzazi mmoja aliniambia binti yake hukatiza maneno katikati na kungoja, hata pasipo na lori.

Nilipotafuta kama kuna aliyewahi kupima jambo hili, nikakutana na kazi ya mtafiti wa Marekani, Arline Bronzaft. Mwaka 1975 alichapisha utafiti wa shule moja ya Manhattan, New York, iliyopakana na reli ya juu. Alilinganisha watoto wa madarasa ya upande wa reli na wenzao wa upande wa pili wa jengo hilohilo. Wa upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma, na kufikia darasa la sita pengo lilikaribia mwaka mzima. Jengo moja na walimu walewale, tofauti ni dirisha linatazama wapi. Mamlaka ya reli ikaweka mpira chini ya reli, na madarasa yakapigwa dari la kunyonya sauti. Alipochapisha matokeo mapya mwaka 1981, pengo lilikuwa limekwisha.

Nimeichapa karatasi hiyo nikaipeleka kwa uongozi wa shule. Tunachoomba ni kidogo: vyumba vya upande wa daraja wavigeuze viwe stoo, ngazi na vyoo, na madarasa yahamie nyuma. Bila kujenga hata tofali moja jipya. Ni kubadilisha vibao vya milango tu.

Mpima_Barabara

Mwalimu, ombi lako ndilo la kwanza ambalo mtaalamu yeyote angelitaja. Vyumba visivyohitaji utulivu vinageuzwa kuwa ngao. Hata nyumba za kuishi, jiko na bafu upande wa barabara, vyumba vya kulala nyuma. Watafiti wa Uswidi walilifuatilia sana jambo hili la nyumba kuwa na upande mmoja tulivu, wakakuta watu wenye upande huo hawasumbuliwi sana kama wengine na barabara iliyo mbele yao, ingawa barabara ni ileile. Mtu anahitaji mahali pa kuipa mgongo.

Fundi_Madirisha

Kazi yangu ni vioo na alumini. Watu hunipigia wakitaka kioo kinene. Nikifika, cha kwanza natoa kipande cha karatasi, nakipitisha kwenye ukingo wa dirisha lililofungwa. Kikipita, nawaambia wasinunue kioo, wanunue mpira wa kuziba. Sauti ni kama maji, unaziba ukuta mzima, inapita kwenye tundu. Nimewahi kuhangaika nusu siku na nyumba moja, dirisha zuri, kioo kinene, bado barabara imo ndani. Kumbe inaingia kwenye kitundu cha waya wa antena, nyuma ya pazia. Nilikiziba kwa kidole, mama mwenye nyumba akasema "aah", nikakitoa, barabara ikarudi. Tukacheza hivyo mara tatu nne kama watoto.

Lakini nikiri linalonisumbua. Nikishaziba, joto linabaki ndani. Wanafunga kiyoyozi. Kiyoyozi kinatoa mashine nje, na nje ni wapi? Ni uani, upande tulivu aliousema Mpima_Barabara. Nimefanya majengo ambayo tulianza na dirisha moja, tukamaliza na mashine ishirini zinavuma ndani ya ua. Kila mmoja alijiokoa kwa kumhamishia mwenzake.

Mpangaji_wa_Uani

Hapo Fundi umesema, na ndipo ninapopingana na mwanzilishi kidogo, kwa heshima. Ua unausifia, lakini ua ni chungu. Kilichomo ndani kinachemka humohumo. Niliishi kwenye ua miaka mitatu. Ugomvi wa ndoa ya watu niliusikia tangu mwanzo wake hadi walipoachana, na mimi sikuomba. Mtu akipiga simu usiku kibarazani, kuta nne zinamrudisha, maneno yote yanaeleweka. Mimi nilianza kuongea kwa kunong'ona ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sasa nakaa barabarani, ule mvumo unanifunika. Nalia nikitaka, nacheka nikitaka, hakuna anayejua.

Sikio_la_Mtaa

Nimepokea, na sina jibu la kukushinda. Nimejiuliza tofauti yetu ni nini, naona huenda ni ukubwa wa ua na idadi ya madirisha yanayoutazama. Wetu ni mpana, una mti na udongo wazi katikati, nyumba kumi na nne tu. Wako ulikuwaje?

Mpangaji_wa_Uani

Sakafu ya saruji yote, ghorofa sita pande nne, na juu ni kipande cha anga cha kutandika mkeka. Basi ni hivyo, labda.

Msafiri_Mkoba

Niongeze niliyoyasikia njiani. Nimefika Venice, Italia, mji wa mifereji, kikazi mara moja. Watu wanazungumzia maji, mimi nilishikwa na miguu. Mji hauna magari kabisa, una vichochoro na madaraja zaidi ya 400, na mengi yana ngazi. Asubuhi nililala dirisha wazi, nikawa nawasikia watu wakija tangu mbali: hatua tambarare, kisha ngazi za kupanda, kimya kidogo juu ya daraja, ngazi za kushuka. Unajua mtu yuko wapi bila kumwona. Na magurudumu ya masanduku ya wasafiri juu ya mawe, hayo yanaamsha mtaa mzima kuliko boti.

Fes nako, mji wa kale kule Morocco, vichochoro ni vyembamba hata gari haliwezi kuingia, mizigo inabebwa na punda na nyumbu. Kona ni nyingi, huoni mbele, kwa hiyo mwenye mnyama anapaza sauti "balak! balak!", yaani jihadhari, na watu wanabana ukutani. Pale honi ni koo la mtu.

Barcelona, Hispania, ndiyo iliyonifanya nifikiri sana, maana pale mji uleule umebadilishwa bila kubomolewa. Mhandisi Ildefons Cerdà aliupanga mji mpya mwaka 1859: mitaa iliyonyooka, vitalu (mafungu ya majengo yaliyozungukwa na barabara) vya mita 113 kila upande, pembe zimekatwa. Alitaka katikati ya kila kitalu pabaki bustani, na baadhi ya pande zake ziwe wazi. Baadaye vingi vikazibwa, na barabara zikajaa magari. Miaka ya karibuni, sehemu kadhaa walichukua vitalu tisa kwa pamoja, tatu kwa tatu, magari ya kupita yanazungushwa nje, ndani wanabaki wenyeji kwa mwendo wa polepole. Kwenye mtaa wa Poblenou walianza mwaka 2016. Nilisimama kwenye njia panda ya ndani, iliyokuwa ya magari, nikasikia mpira wa watoto ukidunda ukutani. Vitalu viwili mbele, kwenye barabara ya pembeni, sikuweza kumsikia mwenzangu aliyekuwa ananisemesha ubavuni. Na hapo ndipo wasiwasi wangu: magari hayakuyeyuka, na wanaokaa kwenye ukingo wana madirisha pia.

Bustani_Ndogo

Kuhusu mti wa Sikio_la_Mtaa. Ninapanda miti kwa kazi, na sipendi kuwavunja moyo, lakini safu moja ya miti haizuii sauti kiasi cha kupimika vizuri. Inataka msitu mnene, upana wa makumi ya mita. Kinachosaidia ni udongo wenyewe, kwa sababu ardhi laini inakunywa sauti ambayo saruji ingeirudisha, na majani yanayotikisika, ambayo yanakupa kitu kingine cha kusikiliza. Maji yanafanya hivyo vizuri zaidi. Kuna kibustani kinaitwa Paley Park, New York, kilifunguliwa mwaka 1967, kidogo kama kiwanja cha nyumba moja, kuta pande tatu, na ukuta wa mwisho umekuwa maporomoko ya maji ya kama mita 6. Barabara iko palepale mbele yake na maji yanaifunika. Ni kelele juu ya kelele, ukipima. Watu wanakwenda pale kupumzika.

Na ndege je, hamjawataja? Kule Leiden, Uholanzi, watafiti walichapisha mwaka 2003 kwamba aina moja ya ndege wadogo wanaoimba wamepandisha sauti zao: wanaokaa penye mvumo wa magari huacha noti za chini na kuimba za juu, ili wasikike. Mpima_Barabara amesema ngurumo ndiyo inayokunja kona. Basi ndege naye ameliona hilo.

Jirani_wa_Pengo

Nilikuwa nasoma tu, nimejisajili leo kwa ajili ya uzi huu.

Mtaa wetu ulikuwa na nyumba kumi na moja zimeshikana, mbele barabara, nyuma viwanja vyetu. Nyuma kulikuwa kimya kiasi kwamba mama yangu, ambaye sikio lake moja lilikuwa limeshakufa, alipenda kukaa hapo jioni kwa sababu aliweza kuongea na watu. Mbele hakuweza. Ikabomolewa nyumba moja, ya sita, katikati. Ni moja tu. Siku ile vumbi lilipotulia nilikwenda nyuma nikakuta barabara imeingia. Nilidhani kuna lori limeegeshwa uani. Ilikuwa pengo, kama jino lililong'oka, na kupitia pale barabara yote ikawa inapiga moja kwa moja kwenye kiti cha mama.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya: barabara isizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima, jioni na usiku zikipewa uzito zaidi, na usiku peke yake isizidi 45. Niliomba mtu aje apime kwetu. Aliyekuwa na mamlaka ya kiwanja akaniambia nyumba iliyobomolewa haikuwa yangu, na ni kweli haikuwa yangu. Kwenye karatasi mimi sikupoteza kitu.

Mama alihamishia kiti chumbani. Kiwanja kimekaa wazi miaka miwili. Mwezi uliopita wameanza kujenga tena, wamefika usawa wa dari.

Mpima_Barabara

Ndugu, ukuta ukishaficha magari machoni pako ukiwa umekaa kwenye kile kiti, hapo ndipo nafuu inapoanza. Kaa utazame. Ukiliona paa la gari, bado. Wakifunga hadi usione chochote, na wasiache njia wazi pembeni, utaisikia tofauti siku hiyohiyo.

Jirani_wa_Pengo

Nimekwenda kukaa sasa hivi. Naona malori tu, magari madogo yameshafichika. Kesho nitamwita mama aje ajaribu.

Sikio_la_Mtaa

Tuambie atakachosema.

Mimi jioni hii nimefanya alivyoeleza Fimbo_Nyeupe. Mdogo wangu alinishika mkono, nikafumba macho, tukatembea kando ya ukuta wa mtaa wetu kuanzia kona hadi getini. Mara ya kwanza sikusikia lolote, nilikuwa naogopa kujikwaa. Mara ya pili nikasikia hatua zangu zikinirudia, kavu, upande wa kulia. Mara ya nne, kabla ya geti letu, upande ule ukapoa. Nikanyoosha mkono, hapakuwa na ukuta. Ni uchochoro wa nyuma ya karakana, nimeupita miaka minne.